Usishike waya wa buji



Hapa Kamina mafundi wanatoa platini kwenye motokari za zamani, kama Peugeot 404, wanaweka alumaji ya elektroniki. Mimi naunga mkono: platini huungua na kulika. Lakini desturi moja ife. Fundi huchomoa waya wa buji injini ikizunguka, akaushika kwa vidole aone kama umeme unafika. Zamani alishtuka akacheka. Mitambo mingi mipya hutoa volti 30,000 na zaidi. Mkono ukiruka huingia kwenye feni. Nimefunga vidole vya namna hiyo. Mwenye ugonjwa wa moyo yuko hatarini zaidi.

Zima injini. Chomeka buji nyingine kwenye waya, ifunge ikigusa chuma cha injini, ndipo uwashe, mikono mbali. Esanse isiwe karibu. Nawe mama, mtoto anayechungulia mwondoe.