Kiko cha ujiko kilivyoniumbua

Kama kwako ni poa, shukuru Mungu, maana mwenzio naandika huku ulimi umebabuka, chai naisubiri ipoe kama mtoto mchanga. Nani kanifanyia hivyo? Nimejifanyia mwenyewe, kwa kutafuta ujiko.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na harusi ya mshikaji wangu tuliyemaliza naye kidato cha nne, pale Magomeni. Si unajua tena harusi za mjini, kila mtu anakwenda kuuza sura. Suti nilikuwa nayo, ya kuazima lakini imenikaa. Kiatu kipo. Nikaona kimepungua kitu kimoja tu cha kuwaacha watu hoi: kiko. Ndiyo, kiko cha tumbaku, kama wale mabwana wa kwenye sinema.

Nikakipata kwa jamaa anayeuza vikorokoro vya mtumba Karume. Dude kubwa, limejipinda kama shingo ya bata, kibakuli chake kimechongwa kichwa cha simba na kupakwa vanishi mpaka unajiona sura. Pembeni yake kulikuwa na kiko kingine kidogo, cheusi, kimenyooka, hakina urembo wowote. Jamaa akasema, "Kaka, beba na hiki, bei ya kutupa." Nikamcheka. Hicho si cha mlinzi wa usiku jamani?

Basi, harusini nikawasili na simba wangu mdomoni. Picha ya kwanza, bomba. Picha ya pili, bomba zaidi. Balaa lilianza pale dada mmoja wa upande wa bibi harusi, mrembo kwelikweli, aliponitazama na kuniuliza: "Kaka, mbona hicho kitu hakitoi moshi?"

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikatoka nje, nikashindilia tumbaku, nikawasha. Nikavuta haraka haraka kisije kikazima. Weee! Moshi ukaingia wa moto kama mvuke wa birika. Kiko kikaanza kukoroma kama mtu mwenye mafua, mara maji machungu hayo yakaja mdomoni. Vanishi ikatoa malengelenge na harufu ya plastiki inayoungua. Taya likauma kwa uzito, na udenda, samahani msomaji, ukadondokea tai ya watu. Yule dada aliondoka zamani.

Asubuhi nikaenda kwa jirani yetu, mzee mmoja dereva mstaafu wa treni. Nilisikia enzi zake alikuwa mtu wa kiko. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha nikamtolea simba wangu. Mzee alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mjukuu wangu," akasema, "hiki kimetengenezwa kwa ajili ya anayekutazama, siyo wewe unayevuta."

Akachomoa chelewa moja kwenye ufagio, akaipitisha kwenye mrija kuanzia mdomoni. Ikafika penye kona, ikakwama. "Hapa ndipo maji yanapolala," akaniambia. Kumbe tumbaku ikiungua hutoa mvuke, na mvuke ukipoa kwenye mrija unageuka maji. Kiko kilichonyooka unapitisha kijiti cha kusafishia hadi kwenye kibakuli, kazi imekwisha. Kilichojipinda vibaya, kijiti hakipiti, na wewe unakunywa uchafu.

Akanionyesha mengine. Tundu la moshi linatakiwa litokee chini kabisa ya kibakuli, langu lilikuwa juu, kwa hiyo tumbaku ya chini ilibaki imelowa. Mchongaji alivyokuwa anahangaikia macho ya simba, mbao pale imebaki nyembamba, ndiyo maana vidole viliungua. Halafu uzito. Kitu unachokining'iniza kwenye meno kinatakiwa kiwe chepesi.

Usije ukadhani kupinda ni kosa siku zote. Kiko kilichopinda vizuri huning'inia karibu na kidevu, hakivuti meno kama kilichonyooka chenye uzito uleule. Kule Dublin, Charles Peterson aliandikisha uvumbuzi wake mwaka 1890, kiko chenye kijishimo ndani cha kukusanyia yale maji kabla hayajafika mdomoni. Mwaka 1898 akaongeza mdomo wa kiko ambao tundu lake linatazama juu, ili moshi usipige ulimi moja kwa moja. Huyo alianza na ulimi wa mvutaji, sura ikafuata.

Na vile virefu vyenye mrija kama bakora? Moshi unakaa mbali na macho, sawa, lakini jaribu kukishika kwa meno bila mkono. Kadiri mrija unavyorefuka ndivyo kibakuli kinavyovuta taya chini. Hicho ni cha mtu aliyekaa kwenye kiti, hana kazi ya mikono.

Sasa nikaleta ubishi wangu: mbona Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa Kiingereza, anavuta kiko kikubwa cha kibuyu kilichojipinda? Nilipofuatilia nikaumbuka mara ya pili. Mwandishi wake, Arthur Conan Doyle, hakumpa Holmes kiko cha kibuyu hata mara moja. Alimpa cha udongo, cha mti wa cheri, na cha braya, ule mzizi mgumu wa kichaka cha nchi za bahari ya Mediterania. Kiko kilichojipinda kililetwa na jukwaa. Mwigizaji wa Kimarekani William Gillette alianza kumwigiza Holmes mwaka 1899 akiwa na kiko cha kupinda, na cha kibuyu kikaja baadaye kwa waigizaji na wachoraji. Kwa hiyo hata ule ujiko niliokuwa naiga ulikuwa wa watazamaji tangu mwanzo!

Mzee akaniuliza kama najua kuwa hata Arusha viliwahi kutengenezwa viko. Nikabisha. Kumbe kweli. Zama za Tanganyika palikuwa na kampuni iliyotumia mirishamu, jiwe jeupe jepesi lililochimbwa upande wa Amboseli, linalovumilia moto na kunyonya unyevu. Chapa yao mojawapo iliitwa Kiko hivyohivyo, na alama yake tembo. Vingine kwa nje vilikuwa vya mbao tu, jiwe lenyewe limefichwa ndani ya kibakuli, mahali ambapo mpiga picha haoni.

Hapo nikawa nimeshapanga, Jumatatu narudi Karume kuchukua kile cheusi kidogo. Pesa nilishaweka pembeni. Nikamwambia mzee, nikidhani atanipongeza.

Hakunipongeza. Aliingia ndani akatoka na kopo la zamani. Ndani mlikuwa na kiko chake, kidogo, kimenyooka, hakina urembo, ndugu kabisa wa kile cha Karume. Nikakipima mkononi, chepesi kama kiberiti. Kisha akanisogelea, akaniambia nitazame mdomo wake wa chini. Miaka yote nilidhani lile kovu ni la ajali. Kumbe ni pale madaktari walipokata saratani.

"Kiko chako kimekufukuza kwa dakika tano," akasema. "Changu kilinikaribisha miaka thelathini."

Nilinyamaza, msomaji wangu. Wakubwa wa afya wa Marekani waliandika tangu mwaka 1964, katika ripoti maarufu ya Luther Terry, kwamba kuvuta kiko kunasababisha saratani ya mdomo wa nje. Leo inajulikana pia kwamba kinaleta saratani ya kinywa, koo na mapafu, hata kama moshi huumezi. Si kijishimo, si jiwe, si mrija mrefu unaoondoa hilo. Ufundi wote wa kiko unaufanya moshi uwe mpole tu. Nami nilikuwa nimedhani kisichoumiza ulimi hakiumizi kitu.

Jumatatu nilipita Karume. Kile cheusi bado kipo, na jamaa ameshusha bei tena. Nikamwambia asante, nikanunua tai mpya, maana ile ya kuazima mwenyewe anaidai. Simba yuko juu ya kabati, na tumbaku iliyobaki nimeitupa.

Na yule dada ukimwona, mwambie simba ameacha kuvuta. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.