Toba haina mkubwa wala mdogo

Leo hebu tuulizane: shida ikikukaba, ni jina la nani linalokujia kwanza kinywani? Wengi wetu hukimbilia mjomba aliye ofisini au mheshimiwa tuliyesoma naye. Mungu tunamkumbuka baada ya milango hiyo kufungwa.

Zingatia kisa cha Charles Colson wa Marekani. Wakili huyu alikuwa mshauri wa Rais Richard Nixon kutoka 1969 hadi 1973, na wapinzani wa Rais walimwogopa kama simba. Kisha kashfa ya Watergate ikazuka. Usiku mmoja, Agosti 1973, alimtembelea rafiki yake mfanyabiashara, naye akamweleza waziwazi kwamba kiburi ndicho kilichokuwa kikimwangamiza. Colson alipotoka hapo alishindwa kuendesha gari. Aliketi humo akilia, akimwomba Mungu ampokee.

Walimwengu walimcheka. Lakini mwaka wa 1974 alikiri mahakamani kwamba alijaribu kumchafulia jina Daniel Ellsberg, aliyekuwa akikabiliwa na kesi. Akahukumiwa kifungo cha kati ya mwaka mmoja na mitatu, akatumikia miezi saba. Nixon mwenyewe alijiuzulu Agosti mwaka huo. Aliye juu mngoje chini!

Colson alipotoka gerezani hakuwasahau aliowaacha ndani. Mwaka wa 1976 alianzisha shirika la Prison Fellowship, la kuwahudumia wafungwa. Alifariki 2012.

Umeona, msomaji? Toba haikumwondolea kifungo. Ilimpa ujasiri wa kukikabili. Hapo ndipo tunapokosea. Tunataka Mungu atusamehe, na papo hapo tunamtafuta mkubwa wa kutufichia makosa.

Chukua mfano wa baba aliyeitafuna karo ya mtoto. Anaweza kumtuma diwani akamlainishe mwalimu mkuu. Lakini nani atamlainishia macho ya mtoto aliyerudishwa nyumbani? Baba huyo na aketi na mkewe aseme, "Mama watoto, pesa nilizila mimi. Nisamehe." Kisha aanze kulipa, hata kama ni kidogo kidogo. Ataaibika, ndiyo, lakini usiku atalala.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wahenga. Anayetegemea cheo cha nduguye je? Kabla jua la leo halijatua, mwendee yule uliyemkosea. Huhitaji barua ya mkubwa.