Ngazi za Basi

Yeyote aliyepata kungojea basi katika mji mkubwa amemwona mama huyu: mtoto mgongoni, kikapu mkononi, nauli imefungwa katika ncha ya kitenge. Mlango wafunguliwa. Ngazi ya kwanza iko juu, karibu kufika goti lake. Apande kwanza, au afungue fundo la kitenge kwanza? Nyuma yake watu wanasukuma, na dereva anapiga honi. Wengine humkemea ya kwamba anawachelewesha. Ni wachache waulizao kama kosa ni lake au ni la yule aliyelitengeneza gari.

Swali hilo liliulizwa vema katika Curitiba, mji mkuu wa jimbo la Paraná, kusini mwa Brazili. Mwaka 1971 mji huo ulipata meya aliyekuwa fundi wa kuchora majengo, jina lake Jaime Lerner. Kuchimba reli ya chini ya ardhi kungemaliza fedha nyingi mno. Kwa hiyo walichukua basi, chombo kile kile kilichodharauliwa, wakalipa njia yake lenyewe katikati ya barabara, motokari nyingine zisiingie. Njia za kwanza zilifunguliwa mwaka 1974.

Lakini njia peke yake haikutosha. Basi lilikimbia vizuri, kisha likakawia kituoni. Kisa si injini. Kisa ni ngazi, na nauli iliyolipwa mlangoni, mmoja baada ya mwingine, kila mtu akingojea baki yake. Mafundi hawakuweza kumwongezea mama miguu. Ilifaa wabadilishe kituo.

Mwaka 1991, Lerner akiwa meya mara ya tatu, wakajenga vituo vya namna mpya, mfano wa bomba kubwa la vioo na chuma lililolazwa kando ya njia. Mtu huingia humo, hulipa nauli kwa utulivu, hungojea bila kunyeshewa mvua. Sakafu ya kituo imeinuliwa hata ikawa sawa na sakafu ya basi. Basi likifika, milango hufunguliwa pamoja, mabamba hushuka kuziba nafasi iliyo katikati, na watu hupita kama watokao chumba kimoja kuingia kingine. Aliye katika kiti cha magurudumu huinuliwa kwa mashine ndogo mpaka sakafu hiyo. Mwaka 1992 yakaja mabasi marefu ya vipande vitatu vilivyoungwa, yachukuayo watu wapatao 270. Nao vijana wenye miguu mizima, ambao hawakuhitaji msaada wowote, wakafika kazini mapema zaidi, kwa sababu mama hakukawia tena mlangoni.

Tena waliweka nauli moja kwa safari nzima, hata kwa abiria aliyebadili basi njiani. Maskini hukaa mbali na mji. Asafiriye karibu akamsaidia asafiriye mbali. Mimi nalipenda jambo hili kuliko vioo vyote vya vituo.

Mfano huo ulisafiri. Bogotá, katika Kolombia, waliufuata mwaka 2000. Na Dar es Salaam mwaka 2016, kwa mabasi ambayo wenyeji huyaita mwendokasi, kutoka Kimara mpaka katikati ya mji. Huko nako vituo vimeinuliwa, na tiketi hununuliwa kabla ya kupanda. Lakini miaka iliyofuata abiria walilalamika sana ya kwamba mabasi ni machache. Kituo kikuu cha kuyalaza kilijengwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi, na mafuriko yakakiingia mara kwa mara. Yule mama ameondolewa ngazi, kisha akaachwa asimame kitambo kirefu, akitazama basi lililojaa likimpita. Bonde lile wenyeji walilijua siku zote kuwa ni njia ya maji.

Wanafunzi, juma hili chukueni rula, mkapime urefu wa ngazi ya kwanza ya gari mlipandalo kwenu. Pimeni likiwa limesimama, dereva akiwa amekubali, wala msikaribie magurudumu. Kisha mwulizeni bibi nyumbani ni lini alipopanda gari hilo mara ya mwisho, na kwa nini.