TUNUNUE NGUO, TUSINUNUE JINA

Si ajabu siku hizi kumwona kijana pale Kariakoo akifunua shingo ya shati, akasoma lebo, akalipa, akaenda zake. Kitambaa hakukishika wala mshono hakuutazama. Amenunua jina, na shati amepewa nyongeza.

Wazee wetu hawakununua hivyo. Katika karne ya 19 merikebu za Salem, Marekani, zilileta Unguja kitambaa kizito cha pamba, na misafara ikakifikisha Tabora na Ujiji. Watu walikipenda kwa kuwa kilidumu, wakakiita merikani. Jina lilitokana na nchi ya Marekani, lakini sifa yake ilitokana na nguo. Vita vilipozuka kule Marekani mwaka 1861 kitambaa kikaadimika, na baadaye nguo za Bombay zikashika soko. Nazo pia zikaitwa merikani! Aliyetegemea jina peke yake alikuwa hana kinga.

Hatusemi kila chenye chapa ni kibovu, la hasha. Twasema lebo haishiki mshono, tena yaweza kushonwa juu ya nguo yoyote kwa dakika moja.

Basi igeuze nguo ndani nje. Tazama kama mishono imekaribiana. Ivute kidogo, uzi ukiachia, irudishe. Sugua upindo kwa leso nyeupe iliyolowa, ujue kama itachuja. Kunja kitambaa ukifikiche. Unga ukidondoka, uzito ule ulikuwa wa dondo. Mama zetu huyajua haya wanunuapo doti ya kanga, ingawa twakiri kwamba maandishi yake huyasoma kwanza.

Tena tupige hesabu. Shati la shilingi 60,000 likichakaa kwa mwaka, umelilipia 5,000 kila mwezi. La 20,000 likidumu miaka miwili, halifiki hata 1,000 kwa mwezi. Lakini fulana ya 5,000 iliyofumuka mwezi wa kwanza ni ghali sawasawa na lile shati la jina, na mwenye kuisifia urahisi wake amejidanganya vilevile.

Aibu kubwa ni kuwapima watu kwa lebo. Hata katika mikutano yetu tumewahi kuona mwenye shati la jina akivutiwa kiti cha mbele, na mkulima wa pamba, ambaye jasho lake ndilo nguo yenyewe, akaachwa wima mlangoni. Shati lake la kaki tulilitazama. Lilikuwa na viraka viwili begani, na mishono yote ilikuwa bado imeshika.