Kufuta Taa Si Kutengeneza Injini



Baadhi ya nyumba za Rumonge na mwambao wote wa Ziwa Tanganyika hutegemea gari moja. Hili hupeleka mawese na ndagala Bujumbura, lile hupakia abiria wa Nyanza-Lac, na jingine ni akiba ya askari anayekaribia kustaafu. Gari hilo likifa, nyumba nzima huyumba.

Mwaka jana jirani yetu mmoja aliona taa ya manjano yenye umbo la injini ikiwaka mbele yake. Fundi alichomeka chombo kidogo cha kupimia, akabonyeza mara mbili, taa ikazimika, akapokea ujira wake. Juma halikwisha. Gari likipanda milima ya Bururi, mvuke ulifuka na injini ikanyamaza. Kifuniko cha silinda kilikuwa kimepinda kwa joto. Ada ya watoto ikageuka kuwa bei ya vipuri.

Kosa halikuwa la chombo. Chombo hicho husoma, tena hufuta. Fundi yule alifuta pasipo kusoma.

Magari mengi ya siku hizi yana tundu la matundu madogo 16 chini ya usukani. Marekani ililazimisha mtambo huu kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na Ulaya kwa magari mapya ya petroli kuanzia mwaka 2001. Chombo kikichomekwa humo huonyesha namba za makosa, na huweza pia kuonyesha hali ya injini ikiwa inafanya kazi, hata katika simu ya mkononi. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotoka Japani hayaitiki kwa kila chombo. Basi kijaribu kwanza kabla ya kukinunua.

Yafaa kuangalia mambo matatu. La kwanza ni joto la maji. Injini nyingi zikishapata moto hukaa karibu na nyuzi 90 za Selsiasi. Kutoka Rumonge, penye mita zipatazo 775 juu ya bahari, hadi mji wa Bururi, uliopita mita 1,700, injini hubeba mzigo mzito. Joto likizidi kupanda kupita 105, simama mahali salama, zima injini, wala usifungue kifuniko cha rejeta kabla haijapoa. Mshale wa dashibodi usikudanganye: katika magari mengi hukaa katikati tu, na unapoanza kupanda mara nyingi umekwisha chelewa.

La pili ni umeme. Injini ikiwaka, magari mengi huonyesha baina ya volti 13.5 na 14.5. Zikibaki 12 tu, betri haichajiwi, nawe utakwama njiani.

La tatu ni masahihisho ya petroli. Yakizidi asilimia 10 juu ya sifuri kwa muda mrefu, injini inaongeza petroli ili kufidia kasoro fulani: huenda hewa inapenya pasipostahili, au pampu imechoka. Mwenye kuijua foleni ya petroli hahitaji kuelezwa hasara yake.

Hata hivyo, chombo hakichukui nafasi ya jicho. Maji yakikwisha kabisa, kipimajoto hubaki hewani na huweza kusema uongo. Kwa hiyo tazama maji kila asubuhi, injini ikiwa baridi. Na gari likiwa mwendoni, asome abiria. Dereva atazame njia.

Anayetaka kununua gari kuukuu naye aombe kuona majaribio ambayo gari hujifanyia lenyewe. Kumbukumbu ikifutwa, majaribio hayo huanza upya, na chombo huonyesha kuwa hayajakamilika. Yawezekana betri iliondolewa tu. Yawezekana pia kwamba taa ilifutwa asubuhi ile ile. Muulize muuzaji, kisha liendeshe gari siku kadhaa kabla ya kutoa fedha.

Hivyo basi, ndugu msomaji, taa ikiwaka usikubali izimwe kabla namba ya kosa haijaandikwa katika daftari na sababu yake haijatafutwa. Kuzima taa bila kutengeneza ni sawa na kumfunga mdomo mlinzi anayepiga kelele za mwizi.

Hadi juma lijalo, tunawatakia safari njema.