Kugawa wizara, kuunganisha, kugawa tena: nani analipa?

Serikali ya Judith Suminwa ilipopangwa upya katika mwezi wa nane 2025, watu wengi walihesabu vichwa: toka 54 mpaka 53. Wakasema, angalau imepungua. Lakini vichwa havionyeshi gharama. Gharama iko katika mambo ambayo hayasomwi kwenye televisheni usiku ule wa ordonansi.

Tuangalie mfano mmoja tu. Mwaka wa 2021, chini ya Sama Lukonde, Posta na Mawasiliano ilikuwa na waziri wake, na Numeriki, wizara mpya, ikapewa wake. Mwaka wa 2024 zikaunganishwa mikononi mwa Augustin Kibassa. Mwaka wa 2025 zikatenganishwa tena: José Mpanda akapewa Posta na Mawasiliano, Kibassa akabaki na Uchumi wa Numeriki. Miaka mine, mabadiliko matatu.

Kila mara kunahitajika kabine, pamoja na mkurugenzi wake, washauri, masekretari, madereva. Wanaoondoka wanadai malipo yao ya kuondoka. Kunatafutwa ofisi, magari, kompyuta, mihuri, karatasi zenye kichwa kipya. Hata kibao cha mlangoni kinabadilishwa. Wafanyakazi wa kudumu, wale walio chini ya Sekretari mkuu, wanangoja kuambiwa nani sasa ni mkubwa wao na dosie gani inaenda upande gani.

Hapo ndipo ununuzi unaharibika. Sheria ya soko za serikali ya tarehe 27 mwezi wa nne 2010 inataka wauzaji washindanishwe wazi. Kupatana na mmoja tu, ile tunaita gré à gré, ni jambo la kuombewa ruhusa. Kila wizara inapashwa kuwa na selile yake ya kusimamia soko hizo na mpango wa manunuzi ya mwaka. Wizara iliyozaliwa katikati ya mwaka haina selile iliyozoea kazi, haina mpango, na sheria ya bajeti iliyopigiwa kura mbele haikuijua. Lakini waziri anataka kuanza leo. Basi barua inaandikwa «haraka sana», na kishawishi cha kutoa feza kwa njia ya dharura kinakuwa kikubwa. Hatusemi kila mahali kuna mwizi. Tunasema mwizi akiwepo, hatakuwa na kufuli ya kuvunja.

Wengine watajibu kwamba bajeti ya 2025 ilipita miliari 51 000 za franka, na magari machache hayawezi kuitoboa. Kwa hesabu, ni kweli. Wakamwambie hivyo muuguzi wa Beni ao Bunia anayengoja prime yake, katika mwaka ule ule Goma na Bukavu ziliponyakuliwa na serikali ikalazimika kurekebisha bajeti sababu ya vita.

Ordonansi inayounda wizara iambatane na karatasi moja ya bei: watu wangapi, ofisi gani, vifaa gani, feza zinatoka mstari gani. Na mpaka bunge lipige kura, wizara mpya itumie vyombo vya ile ya zamani.

Katiba inataka mradi wa bajeti ufike bungeni kwa kuchelewa sana tarehe 15 mwezi wa tisa. Wabunge wa Kivu mbili, Ituri na Maniema wako na nafasi ya kuuliza katika komisheni Ecofin: kugawa Posta na Numeriki kumegharimu franka ngapi, na vifaa vilinunuliwa kwa nani?