Ngoma imeenziwa, imani je? Dini za kale kutoka bonde la Nile hadi vilima vya Gitega

Juu ya kilima cha Gikizi, huko Rutovu, kusini mwa Burundi, imesimama piramidi ndogo ya mawe. Haikujengwa na Mafarao. Ilijengwa katika miaka ya 1930 na Mjerumani Burkhart Waldecker, aliyeitambua chemchemi ya Kasumo iliyo jirani kuwa chanzo cha Nile kilicho kusini kuliko vyote. Maji yanayotoka hapo huwa mto Ruvyironza, hushuka kuelekea Gitega, ambako Bukirasazi na vilima vyake vimo, kisha hujiunga na Ruvubu. Ruvubu nao hupita katika hifadhi ya taifa inayogusa ardhi ya Muyinga, huingia Tanzania, hukutana na Kagera, na safari huendelea kupitia Ziwa Viktoria mpaka Misri.

Mto huo mmoja una dini mbili za kale katika ncha zake mbili. Upande wa kaskazini ni dini ya Isis, Osiris na Ra, iliyozimika karne nyingi zilizopita na ambayo sasa inafufuliwa na watu wanaoishi mbali na Misri. Upande wa kusini ni dini ya Imana na Kiranga, iliyopigwa marufuku chini ya karne moja iliyopita, na ambayo haijafa kabisa. Swali linalozikabili nchi zote mbili ni lile lile: je, inawezekana taifa kuienzi ibada ya mababu kama urithi, huku likimtilia shaka yule anayeiamini?

Misri ya makumbusho na Misri ya ibada

Maandishi ya mwisho ya hieroglifu yanayojulikana yalichongwa katika hekalu la Philae tarehe 24 Agosti mwaka 394. Katika karne ya 6 hekalu hilo lilifungwa kwa amri ya mfalme Justinian wa Konstantinopoli. Tangu hapo hapakuwa na kuhani aliyemfundisha kuhani mwingine. Kilichobaki ni maandishi katika kuta, makaburi na mafunjo, ambayo wanazuoni walianza kuyasoma tena katika karne ya 19.

Ni kutokana na maandishi hayo kwamba dini hiyo imezaliwa upya, hasa nchini Marekani. Mwaka 1973 Jumuiya ya Ausar Auset ilianzishwa mjini New York, ikiwalenga Wamarekani wenye asili ya Afrika waliokuwa wakitafuta mizizi ya kiroho iliyotangulia utumwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Tamara Siuda, mtaalamu wa mambo ya Misri ya kale, alianzisha jumuiya ya Kemetic Orthodoxy katika eneo la Chicago. Waumini wa makundi ya aina hii husafisha madhabahu nyumbani, hutoa maji, mkate na ubani, huwakumbuka wafu wao, na huadhimisha mwaka mpya kwa kufuata kuchomoza kwa nyota ya Sirius, kama ilivyofanywa zama za mafuriko ya Nile.

Misri yenyewe ina msimamo mwingine. Tarehe 3 Aprili 2021 maiti 22 za kifalme, wafalme 18 na malkia 4, zilipitishwa katika barabara za Kairo kwa gwaride lililotazamwa duniani kote, zikihamishiwa makumbusho ya Fustat. Taifa zima liliona fahari. Hata hivyo, kifungu cha 64 cha katiba ya Misri ya mwaka 2014, ingawa kinatamka kwamba uhuru wa imani hauna mpaka, kinatoa haki ya kufanya ibada na kujenga nyumba za ibada kwa wafuasi wa dini za mbinguni, yaani Uislamu, Ukristo na Uyahudi. Farao anapewa mizinga ya heshima. Anayetaka kumwomba Osiris hana mahali pa kusimama kisheria.

Kwa nini Misri si jawabu la Burundi

Katika mijadala ya vijana wasomi wa Afrika, wazo la kurejea Misri ya kale lina mvuto mkubwa. Chimbuko lake ni kazi ya Msenegali Cheikh Anta Diop, aliyechapisha mwaka 1954 hoja kwamba ustaarabu wa Mafarao ulikuwa wa Waafrika weusi. Mwaka 1974, yeye na Théophile Obenga wa Kongo Brazzaville waliitetea hoja hiyo mbele ya wataalamu waliokutanishwa na UNESCO mjini Kairo. Kwa waliofundishwa shuleni kwamba Afrika haikuwa na historia, hiyo ilikuwa dawa.

Lakini katika nchi za Maziwa Makuu dawa hiyo ina mashapo. Mwaka 1863 Mwingereza John Hanning Speke aliandika kwamba watawala wa eneo hili walikuwa wageni waliotoka Uhabeshi. Wamisionari na maofisa wa kikoloni waliipanua nadharia hiyo, wakawafanya Watutsi kuwa "Wahamiti" waliotoka kaskazini, na Wahutu kuwa wenyeji waliozaliwa kutawaliwa. Watu waliokuwa na lugha moja, Mungu mmoja na mfalme mmoja walianza kuhesabiwa kama mataifa mawili. Burundi imelipa gharama ya hesabu hiyo kwa damu, mwaka 1972 na tena kuanzia 1993.

Kwa hiyo, mtu anaposema jijini Chicago kwamba mababu zake walitoka Misri, anajiponya. Mtu anayesema hivyo Bukirasazi anaweza, bila kukusudia, kugusa kidonda cha jirani yake. Na kuna hoja nyingine iliyo nyepesi zaidi: Mrundi anayetafuta dini ya wahenga hana haja ya kuufuata mto hadi kwenye mdomo wake. Dini hiyo ilikuwa pale pale kwenye chemchemi.

Kiranga na mti wa mlinzi

Warundi wa kale waliamini Mungu mmoja mkuu, Imana, muumba asiyehitaji sanamu wala hekalu. Baina yake na watu alikuwapo Kiranga, ambaye pia huitwa Ryangombe, shujaa ambaye masimulizi yanasema aliuawa mawindoni. Ibada yake iliitwa kubandwa. Walioingizwa katika ibada hiyo walikusanyika chini ya mti wa maua mekundu uitwao umurinzi, neno ambalo msemaji wa Kiswahili halihitaji kutafsiriwa. Mkuki ulikuwa alama ya Kiranga. Katika ibada hiyo Mhutu na Mtutsi, mwanamume na mwanamke, walikaa pamoja.

Wala haikuwa ibada ya Burundi peke yake. Ilienea Rwanda, Buha, Unyamwezi ambako wafuasi waliitwa Waswezi, na Uganda magharibi inakohusishwa na Wachwezi. Hadi leo, katika kilima cha Mubende nchini Uganda, watu hufika kwenye mti mkubwa wa Nakayima kuomba na kutoa sadaka.

Pamoja na kubandwa palikuwa na ibada ya taifa, umuganuro, sikukuu ya mtama. Mwami alibariki mbegu za nchi nzima, na ngoma takatifu Karyenda ilitolewa hadharani. Karyenda ilikuwa na walinzi wake, na pia mwanamke aliyewekwa wakfu kwa ajili yake, aliyeitwa Mukakaryenda. Katika Kirundi neno ingoma lina maana mbili, ngoma na ufalme. Aliyeishika moja aliishika nyingine.

Ndiyo maana ilishambuliwa. Misheni ya kwanza ya Kikatoliki iliyodumu ilianzishwa Muyaga mwaka 1898, na ya Mugera, karibu na Gitega, ikafuata mwaka 1899. Kubandwa ikaitwa kazi ya shetani, na waliobatizwa wakatakiwa kuikana. Nchini Rwanda, mwaka 1925, utawala wa Wabelgiji ulimkamata Gashamura, mkuu wa ibada ya mtama ya huko, ukampeleka uhamishoni Gitega. Mwishoni mwa miaka ya 1920 umuganuro wa Burundi nao ulikoma chini ya shinikizo la wamisionari na serikali. Kisha, tarehe 28 Novemba 1966, ufalme wenyewe ulifutwa.

Lugha nayo ilibeba hukumu hiyo. Waliokwisha kuingizwa katika kubandwa waliitwa ibishegu. Katika Kinyarwanda cha leo, neno hilo hilo hutajwa kwa maneno na nyimbo za matusi.

Urithi unaoruhusiwa

Leo ngoma zimerudi, na kwa heshima kubwa. Gishora, kilomita chache kutoka mji wa Gitega, ni mahali palipowekwa na Mwami Mwezi Gisabo baada ya kumshinda muasi Ntibirangwa, na hapo ndipo zinapokumbukwa ngoma takatifu Ruciteme na Murimirwa. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika. Nchini Rwanda, umuganura sasa ni sikukuu ya kitaifa, Ijumaa ya kwanza ya Agosti.

Hata hivyo, kilichorudi kimechujwa. Ngoma inapigwa mbele ya wageni wa serikali na katika harusi, lakini si mbele ya Imana. Oktoba 2017, amri ya rais Pierre Nkurunziza iliwakataza wanawake kupiga ngoma, ikavitaka vikundi vijiandikishe wizarani, na ikaweka malipo ya faranga 500,000 kwa maonyesho yasiyo rasmi. Sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda mila. Ni kweli kwamba wapigaji wa zamani walikuwa wanaume. Lakini mila hiyo hiyo ilimpa Mukakaryenda nafasi ambayo hakuna mwanamume aliyeweza kuishika, na nafasi hiyo haikutajwa. Anayerejesha mila ndiye anayeamua ni nusu ipi irudi.

Upande wa imani, mlango ni mwembamba zaidi. Katiba ya Burundi inasema nchi haina dini ya taifa na inalinda uhuru wa dhamiri. Sheria ya mwaka 2014 kuhusu madhehebu, kwa upande wake, inayataka yajiandikishe katika Wizara ya Mambo ya Ndani, yakiwa na waumini watu wazima wasiopungua 300 kwa dhehebu la ndani ya nchi. Sheria hiyo ilitungwa kwa kuyatazama makanisa yaliyokuwa yakichipuka kila mtaa, na ina hoja zake. Lakini kubandwa haikuwahi kuwa na jengo, katiba wala askofu. Ilikuwa ibada ya ukoo na ya kilima. Mzee anayeweka sadaka chini ya umurinzi si dhehebu mbele ya sheria, wala si urithi mbele ya watalii. Jina linalobaki kwa ajili yake ni mpagani, na kutoka mpagani hadi mchawi ni hatua moja tu. Katika eneo hili la Afrika, neno mchawi limewahi kuwa hukumu ya kifo.

Somo kwa Waswahili

Msikilizaji Mwislamu wa Buyenzi, Gitega au Muyinga anaweza kuuliza: haya yanatuhusu nini? Uislamu una msimamo wake juu ya kumshirikisha Mungu, na Ukristo una wake. Hakuna anayeombwa kuuacha.

Kinachomhusu ni kitu kingine. Waswahili wa Burundi wanajua maana ya kuwa watu ambao jina lao limegeuzwa kuwa tuhuma. Kwa miaka mingi, katika mazungumzo ya Kirundi, kumwita mtu Umuswahili kulikuwa kumwita mjanja asiyeaminika, mtu wa mjini asiye na kilima. Mtaa wa Buyenzi ulitazamwa kama makazi ya wageni hata pale wakazi wake walipokuwa wamezaliwa humo kwa vizazi kadhaa. Lugha yao ilisubiri hadi Burundi ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwaka 2007, ndipo ikapata nafasi katika shule za msingi. Leo Kiswahili kinasifiwa kama lugha ya biashara na ya kanda. Anayekisema tangu utotoni ana haki ya kuuliza kama sifa hiyo inamfikia na yeye, au inaishia kwenye lugha.

Hapo ndipo habari ya Kiranga na habari ya Mswahili zinapokutana. Ni rahisi kuipenda ngoma na kumkimbia anayeiamini, kama ilivyo rahisi kuipenda lugha na kumshuku mwenyewe. Misri inazitembeza maiti za wafalme kwa fahari kwa sababu maiti hazidai kitu. Burundi inazionyesha ngoma za Gishora kwa sababu hiyo hiyo. Kipimo cha uhuru wa dhamiri uliomo katika katiba hakiko Gishora, bali katika vilima kama vya Bukirasazi, siku ambapo mtu mmoja asiye na cheti cha wizara atataka kusali jinsi babu yake alivyosali, na majirani zake, Wakristo kwa Waislamu, wakamwacha arudi nyumbani salama.